Kumwombea mgonjwa: tuseme "ukipenda" au tuamuru?

Swali: "Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Wifi yangu ana kisukari cha kuchoma insulini. Kikundi chetu cha maombi kilifunga siku 21 kwa ajili yake. Kiongozi wetu alitukataza kusema 'mapenzi yako yatimizwe', eti maneno hayo yanaua imani. Alitukataza pia kurudia ombi, kwa sababu anayerudia hajapokea. Mfungo umeisha na sukari bado inapanda. Sasa anasema kati yetu yupo mwenye shaka anayezuia muujiza, na wifi ameanza kuuliza kama aache sindano ili aonyeshe imani. Je, maombi ya mwamini yana mipaka, au tatizo ni imani yetu?" Msomaji, Morogoro.

Amina, dada. Nianze na lile lisilongoja mjadala: wifi asiache sindano, hata kwa siku moja. Mtu ambaye mwili wake hautengenezi insulini akiikosa, mwili huanza kuchoma mafuta badala ya sukari, damu hujaa asidi, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kuwa mahututi. Mkiona anatapika, anahema kwa kasi na kwa kina, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au anasinzia na kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Maombi mtaendelea nayo ndani ya gari.

Sasa tuje kwenye fundisho. Kiongozi wenu hakulibuni yeye. E. W. Kenyon, mhubiri wa Marekani aliyefariki mwaka 1948, alifundisha kwamba mwamini akikiri jambo kwa kinywa chake kwa imani, jambo hilo linakuwa lake. Kenneth Hagin (1917–2003) alilieneza fundisho hilo, na mwaka 1974 akafungua chuo cha Biblia huko Oklahoma ambacho wahitimu wake wametawanyika duniani. Kwetu lilifika kwa kanda, vijitabu na mikutano ya injili, na leo wengi wanalihubiri bila kujua lilikotoka. Nguzo yake ni Marko 11:23–24: atakayeuambia mlima huu ung'oke, asione shaka moyoni, litakuwa lake.

Usidhani wanaolipinga ni watu wasioamini miujiza. Assemblies of God ya Marekani, kanisa la Kipentekoste linalofundisha uponyaji hadi leo, ilitoa tamko rasmi mwaka 1980 kuonya juu ya fundisho hili la kukiri. Wanatheolojia wa Kiafrika waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 chini ya harakati ya Lausanne, mtandao wa Wakristo wa kiinjili duniani, walikiri kwamba Mungu anatenda miujiza, kisha wakakataa wazo kwamba nguvu zake zinaendeshwa kwa maneno, mbinu au taratibu za wanadamu. Ugomvi wenyewe uko hapo. Wote wanakubali kwamba maombi yana nguvu. Wanachogombania ni nguvu hiyo inakaa wapi: kwa mwombaji na maneno yake, au kwa yule anayeombwa. Ukiiweka kwa mwombaji, kila jibu lisilokuja litahitaji mtu wa kulaumiwa, na ndiyo maana kikundi chenu sasa kinamtafuta mwenye shaka.

Nimtendee haki kiongozi wenu kwa jambo moja. Yapo makanisa yanayoomba kwa tahadhari hadi ombi halina meno: "Bwana, ukipenda, kwa namna uonavyo, kadiri itakavyokupendeza, umkumbuke mgonjwa." Ombi kama hilo halikubaliki wala halikataliki, kwa sababu halijaomba kitu. Kama alilichoka hilo, namwelewa.

Lakini soma Marko 1:40. Mwenye ukoma anapiga magoti na kusema, "Ukitaka, waweza kunitakasa." Yesu hamkemei kwa kusema "ukitaka". Anajibu, "Nataka, takasika." Kisha soma Marko 9:22–24, baba mwenye mtoto wa pepo anayesema, "ukiweza neno lo lote". Hilo ndilo Yesu analolirudia kwa mshangao: "Ukiweza!" Kutilia shaka uwezo wake kulipata karipio, na kuuacha uamuzi mikononi mwake kulipata uponyaji. Hata huyo baba aliyekaripiwa alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akapona siku hiyo. Mbele ya Yesu alisimama mwenye shaka aliyeikiri shaka yake, na muujiza haukuzuiliwa.

Kuhusu shaka ya mmoja kuwafungia njia wote, nenda Matendo 12, sura ambayo ningependa kila kikundi cha maombi kiisome mara moja kwa mwaka. Mstari wa 2: Herode anamuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Mstari wa 5: Petro yuko gerezani na kanisa linamwombea kwa bidii. Malaika anamtoa, anabisha mlangoni, Roda anakimbia kuwaambia waombaji kwamba Petro yuko nje, na wale watu waliokuwa wakiomba jambo hilo hilo usiku kucha wanamwambia binti, umerukwa na akili. Hawakuamini hata jibu lilipokuwa mlangoni, na jibu lilikuja vilevile. Na Yakobo je? Kanisa lilikuwa moja, mji mmoja, mitume wote wawili, tena Yakobo alikuwa mmoja wa watatu waliokwenda na Yesu mlimani. Mmoja alikufa na mwingine akatoka. Luka, mwandishi wa Matendo, hatafuti aliyekuwa na shaka na hatoi sababu yoyote. Fundisho linalodai kuwa na sababu ya kila jibu linajua zaidi ya Luka.

Watakutajia Marko 6:5–6, Nazareti, ambako Yesu hakufanya miujiza kwa sababu ya kutokuamini kwao. Ndiyo andiko lao lenye nguvu kuliko yote, usilikwepe. Ila angalia ni kutokuamini kwa nani: ni mji uliomkataa na kumdharau, ambao watu wake hawakumletea haja zao. Hata hapo aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache na kuwaponya. Mahali pengine anaponya kwa imani ya rafiki wanne waliobomoa dari (Marko 2:5), na pale Bethzatha anamponya mtu ambaye hakujua hata aliyemponya ni nani (Yohana 5:13). Imani inahesabika, lakini alipotaja kiasi alitaja chembe ya haradali.

Katazo la kurudia ombi halina msingi kabisa. Gethsemane Yesu aliomba mara tatu kwa maneno yale yale (Mathayo 26:44). Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake. Eliya, Mungu akiwa ameshamwahidi mvua, alimtuma mtumishi wake atazame bahari mara saba. Luka 18 inasema wazi kwamba mfano wa mjane na kadhi ulitolewa ili watu waombe sikuzote bila kukata tamaa. Kinachokatazwa Mathayo 6:7 ni kupayukapayuka kwa kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaosikiwa.

Sasa mipaka. Kabla ya kuomba, kikundi kijiulize swali moja na kuandika jibu lake daftarini: Mungu ameahidi nini hasa juu ya jambo hili, na amemwahidi nani? Yapo aliyokwisha kuyaahidi kwa kila anayemwomba: msamaha kwa anayetubu (1 Yohana 1:9), hekima (Yakobo 1:5), Roho Mtakatifu (Luka 11:13). Hapo kusema "ukipenda" ni kosa, kwa sababu amekwisha kusema kwamba anapenda, na kiongozi wenu yuko sahihi kabisa. Onyo la waraka wa Yakobo juu ya mwenye shaka anayechukuliwa kama wimbi limekaa hapo hapo, kwenye ombi la hekima.

Yapo mengine anayoyatenda mara nyingi, tunayoagizwa kuyaomba, lakini ambayo hakumwahidi mtu huyu kwa tarehe hii: kupona kisukari, kupata mtoto, kazi, kesi kwisha. Hapa unaomba bila kumung'unya maneno na unamalizia kama alivyomalizia Yesu Gethsemane. Yohana anayeandika "mkiniomba neno lo lote kwa jina langu" ndiye yule yule ambaye waraka unaoitwa kwa jina lake unaongeza "sawasawa na mapenzi yake" (1 Yohana 5:14). Na yapo yasiyo na ahadi yoyote: mume wa mwenzako, namba za kubeti, jirani ashukiwe na moto. Yohana na Yakobo walipotaka kuamuru moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria, Yesu aligeuka na kuwakanya (Luka 9:54–55). Maombi ya kumtaja bibi fulani kuwa ndiye mchawi wa familia yamo katika kundi hilo hilo, tena yanaweza kumwua mtu.

"Lakini kwa kupigwa kwake sisi tumepona!" Isaya 53:5 hauishi mjadala wa uponyaji bila kutajwa, na Mathayo 8:17 kweli anaunganisha kifungu hicho na uponyaji wa miili. Wapentekoste wengi wanaamini kwamba uponyaji umo katika kazi ya msalaba, nami sibishani nao. Swali ni lini. Warumi 8:23 inasema sisi wenye malimbuko ya Roho bado tunaugua tukingojea ukombozi wa mwili. Ndiyo maana Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu Efeso, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20) na kumshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Elisha alikufa kwa ugonjwa (2 Wafalme 13:14), na mistari saba mbele mifupa yake inamfufua maiti. Anayesema mgonjwa hana imani amweleze Elisha.

Kuna kosa la upande wa pili pia: "Mungu ameshapanga, tuombe ya nini?" Hezekia aliambiwa na Isaya kwamba atakufa, akaugeukia ukuta, akaomba, na akaongezewa miaka 15. Thomas wa Akwino, mwanatheolojia wa Kanisa Katoliki, alilieleza hili katika karne ya 13 kwa namna ambayo bado sijaona iliyo bora: Mungu hapangi matokeo tu, anapanga pia njia za kuyafikia, na maombi ni mojawapo. Ukiondoa ombi hubaki na mpango ule ule. Na katika kisa hicho hicho cha 2 Wafalme 20, baada ya ahadi ya kupona, Isaya anaagiza bumba la tini liwekwe juu ya jipu. Neno la Mungu, maombi na dawa vimo katika mistari saba, na hakuna kinachomwonea aibu mwenzake.

Wapo wanaotaka hesabu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Walioombewa bila kuwa na hakika kama wanaombewa, asilimia 52 walipata matatizo baada ya upasuaji. Wasioombewa na kikundi cha utafiti, asilimia 51. Walioombewa wakijua kwa hakika, asilimia 59. Wapinzani wa imani hushangilia tarakimu hizi, lakini hakuna aliyewazuia mama na shangazi za wale "wasioombewa" wasiombe. Kinachonivutia ni kwamba utafiti ule na kiongozi wenu wanakubaliana bila kujua: wote wanaichukulia sala kama dawa yenye dozi, ambayo ikitolewa sawasawa lazima ionekane kwenye kipimo.

Basi mwombeeni wifi hivi, kwa kufuata Yakobo 5:14–16. Mwenye kuita wazee ni mgonjwa, kwa hiyo msimvamie. Mwulizeni kama anataka na anataka mwombe nini hasa. Watu wawili au watatu wanatosha chumbani. Mafuta ya kupikia yaliyoko nyumbani yanafaa, tone moja kwenye paji la uso. Yasinunuliwe kwa mtumishi kwa bei maalumu wala kugombaniwa: Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Kuungama ni "ninyi kwa ninyi", na mwombaji naye aungame, isigeuke kuwa mahojiano ya mgonjwa juu ya dhambi iliyomletea sukari. Halafu ombeni kwa dakika tano hivi. Litajeni tatizo kwa jina lake: "Baba, liponye kongosho lake." Ombeni na ya leo: insulini ipatikane, fedha za vipimo, usingizi, muuguzi mwenye subira. Mwisho mkabidhini. Mkimaliza nyamazeni. Msimwulize mbele za watu, "Umepona?" Mgonjwa mwenye adabu atasema ndiyo ili asiwaangushe, na kesho yake atakuwa amefungwa na uongo wake.

Mfungo wa siku 21 mmeuchukua kwa Danieli 10. Someni mstari wa 3: hakula chakula kitamu, nyama wala divai. Haukuwa mfungo wa kutokula kabisa. Na Marko 9:29, "kwa kuomba na kufunga", neno kufunga halimo katika baadhi ya nakala kongwe kabisa za mkono, kwa hiyo tusilijengee ghorofa. Kufunga ni kwema kwa mwenye afya. Anayechoma insulini asijiunge. Kama daktari wake amemruhusu kwa mpango maalumu, afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 mmol/L. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye vidonda vya tumbo na walio kwenye dozi ya kifua kikuu au ARV waache kitu kingine badala ya chakula. Maji yasikatwe. Na kama yupo ambaye hakula karibu chochote kwa zaidi ya siku tano, msimfungulishe kwa sahani ya ugali na nyama: madini ya fosfeti na potasiamu hushuka ghafla kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Aanze na uji kidogo kidogo, usiozidi nusu ya chakula chake cha kawaida, na afadhali chini ya uangalizi wa hospitali. Mfungo usiojua mwisho wake tumeshaona ulikofikisha watu: katika msitu wa Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400.

Siku 21 zikiisha bila jibu, badilisheni mwendo. Kisukari ni ugonjwa wa miaka, na kikundi hakiwezi kukesha kwa miaka. Wekeni siku moja ya juma, dakika kumi, na mtu mmoja wa kumpigia simu wifi kujua hali yake. Acheni pale tu Mungu anaposema hapana waziwazi, kama Musa alivyoambiwa asizungumzie tena kuvuka Yordani (Kumbukumbu 3:26), au jambo lenyewe linapokwisha. Daudi alifunga siku saba kwa ajili ya mtoto ambaye nabii alishasema atakufa, na mtoto alipokufa aliinuka, akaoga, akaabudu, akala. Alijua kuomba dhidi ya habari mbaya na alijua kuacha.

Ushuhuda nao una utaratibu. Sukari ikishuka, msipande madhabahuni wiki hiyo. Ngojeni kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na daktari ndiye apunguze dozi. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, hasa waliogunduliwa karibuni, wengi hupitia kipindi cha wiki au miezi ambapo kongosho hufufuka kidogo na mahitaji ya insulini hupungua sana, kisha hurudi. Shuhuda nyingi za kisukari huzaliwa humo, na baadhi ya wenye shuhuda hizo huzikwa baada ya kutupa sindano. Kwa VVU ni hivyo hivyo: virusi visivyoonekana kwenye kipimo cha mtu anayemeza ARV ni kazi ya dawa, na akiacha hurudi ndani ya wiki chache. Mungu akimponya wifi kweli, kipimo cha baada ya miezi sita hakitamwaibisha.

Kwa kiongozi wenu, usimkabili mbele ya kikundi. Mwendee na mtu mzima mmoja anayemheshimu, fungueni Marko 1:40 na Matendo 12, na mwulize kwa upole Yakobo aliuawa kwa shaka ya nani. Kama ni mwanafunzi wa Neno atakaa kimya kidogo, na mnaweza kuendelea naye. Akirudia kwamba wifi aache insulini, msiendelee kubishana. Zungumza na kaka yako kwa kuwa ndiye mume wake, mpelekeni wifi kwa daktari wake aambiwe ukweli huo na mtu wa tiba, na maombi yahamie nyumbani kwako, wifi mwenyewe akiwepo na dawa zake zikiwa mahali pake.